Kudhibiti Jotoridi la Uchachushaji: Ndoo ya Zabibu Ndani ya Friji Bovu

Mada hii inagusa masomo matatu kwa mpigo: Kemia (uchachushaji na ethanoli), Baiolojia (upumuaji bila oksijeni na vimeng'enya) na Fizikia (usafiri wa joto, joto fiche na themostati). Mtihani wa masomo hayo utaufanya kwa Kiingereza. Hapa tuelewane kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu watahiniwa wengi hukariri mlinganyo wa uchachushaji vizuri kabisa, kisha hukwama wakiulizwa swali moja tu la nyongeza: "Kwa nini chombo kilipata joto?"

Tuanze na tatizo lenyewe. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka: msimu mmoja huangukia takriban Februari hadi Aprili, mwingine Agosti na Septemba. Zabibu haisubiri. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi ambaye mnunuzi wake hakufika ana siku chache tu za kuamua: auze kwa bei ya kutupa, aanike zikauke, au akamue juisi na kuichachusha iwe mvinyo. Kiwanda kikubwa kina matangi ya chuma kisichoshika kutu, yenye ukuta wa tabaka mbili na maji baridi yanayozunguka katikati. Msindikaji wa nyumbani ana ndoo ya lita 20 na chumba cha bati. Ndoo ikipata joto kupita kiasi, hamira hufa kabla sukari haijaisha, na kinachobaki ni kimiminika kitamu nusu, kichachu nusu, ambacho hakuna wa kukinunua. Anayepika bia nyumbani kwa kimea cha mtama, uwele au shayiri ana tatizo hilo hilo, na sanduku tutakalolieleza linamfaa vilevile.

Joto linatoka wapi?

Jibu la haraka ni "kwenye jua". Ni nusu ya jibu. Nusu nyingine inatoka ndani ya ndoo yenyewe. Hamira ni kiumbe hai, aina ya kuvu yenye seli moja. Ikikosa oksijeni huvunja sukari hivi:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Yaani moli moja ya glukosi hutoa moli mbili za ethanoli na moli mbili za kabonidayoksaidi. Mmenyuko huu hutoa joto. Sehemu ndogo ya nishati hamira huihifadhi kwa matumizi yake, inayobaki hupasha kimiminika. Kwa hesabu zetu tuchukue kwamba kila moli ya sukari inayochachuka hutoa karibu kJ 100. (James Joule, ambaye jina lake ndilo tunalolitumia kwa kizio cha nishati, alizaliwa mwaka 1818 huko Salford, Uingereza, na familia yake ilimiliki kiwanda cha bia. Huenda si ajabu kwamba alijali sana kipimajoto.)

Mfano 1. Juisi ya zabibu zilizoiva ina takriban gramu 200 za sukari kwa lita. Ikiwa hakuna joto linalotoka nje ya ndoo, jotoridi litapanda kwa kiasi gani sukari yote ikichachuka?

Uzito wa moli moja ya glukosi ni gramu 180. Kwa hiyo katika lita moja kuna moli 200/180 = 1.11. Joto linalotolewa ni 1.11 × 100 = kJ 111, sawa na J 111,000. Chukua lita moja ya juisi kuwa na masi ya kilo 1 na uwezo mahususi wa joto wa 4,200 J/kg°C kama maji. Kutokana na Q = mcΔθ:

Δθ = 111,000 ÷ (1 × 4,200) = 26°C, kwa kukadiria.

Isome namba hiyo mara mbili. Juisi iliyoanza ikiwa 25°C ingefika 51°C bila jua kuigusa. Hamira huanza kutaabika ikikaribia 40°C, na juu kidogo ya hapo hufa, kwa kuwa vimeng'enya vyake ni protini na joto huharibu umbo lake. Mvinyo mwekundu hupenda 25 hadi 30°C, mweupe hupenda baridi zaidi, kati ya 12 na 18°C au juu yake kidogo. Bia nyingi za nyumbani huchachushwa kati ya 18 na 22°C. Kwa bahati nzuri hakuna ndoo isiyopoteza joto, na ndiyo maana watu wamekuwa wakitengeneza pombe kwa karne nyingi bila themostati. Lakini ukubwa wa chombo una maana: tangi kubwa lina eneo dogo la nje ukilinganisha na ujazo wake, hivyo hupoa kwa shida kuliko ndoo. Kumbuka uwiano wa eneo kwa ujazo. Ni hoja ile ile uliyoisoma katika Baiolojia kuhusu saizi ya seli na usambaaji.

Kosa la sanduku lililofungwa

Nitasimulia kosa langu. Nilipokuwa nafundisha nilitaka kuwaonyesha wanafunzi uchachushaji kwa kiwango kikubwa. Nikachukua friji bovu lililotupwa stoo, nikaweka ndani ndoo ya lita 20 ya maji ya sukari na hamira ya mkate, nikafunga mlango. Niliwaambia kwa uhakika kabisa kwamba ukuta wa friji ungezuia joto la Dodoma lisiingie. Asubuhi ya siku ya tatu chumba kilikuwa 25°C na kipimajoto cha ndani ya ndoo kilisoma 36°C. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, si ulisema friji linazuia joto?" Lilikuwa linazuia kweli. Lilizuia joto la hamira lisitoke.

Hapo ndipo penye kiini cha mada. Kihami hakijui upande. Kinapunguza kasi ya joto kupita kutoka penye jotoridi kubwa kwenda penye jotoridi dogo, popote pale palipo. Kama chanzo cha joto kiko ndani, kihami peke yake hukipa chanzo hicho blanketi. Sanduku la kuchachushia kwa hiyo linahitaji mambo mawili pamoja: kihami cha kupunguza athari ya nje, na njia ya makusudi ya kuondoa joto la ndani kwa kasi ile ile linavyozalishwa. Mtahiniwa anayetaja kihami peke yake ameacha nusu ya jibu.

Mfano 2. Ndoo ya lita 20 ya juisi ile inachachuka kwa siku 3. Sanduku lina kuta za povu gumu za unene wa sentimita 5 na eneo la jumla la karibu mita za mraba 2. Kuta hizo hupitisha takriban wati 1.4 kwa kila nyuzi 1 ya tofauti kati ya ndani na nje. Sanduku likiwa limefungwa tu, jotoridi la ndani litazidi la nje kwa kiasi gani kwa wastani?

Joto lote: 20 × 111 = kJ 2,220. Muda: 3 × 24 × 3,600 = sekunde 259,200. Kasi ya kutoa joto: 2,220,000 ÷ 259,200 = wati 8.6. Mambo yakitulia, joto linalozalishwa ni sawa na linalotoka, hivyo tofauti ni 8.6 ÷ 1.4 = nyuzi 6 hivi. Huo ni wastani. Hamira haifanyi kazi kwa wastani. Siku ya pili huwa imeongezeka mno na kasi yake yaweza kuwa maradufu, ndipo tofauti inapofika nyuzi 12. Ndiyo maana ndoo yangu ilifika 36°C.

Wati 8.6 ni kidogo, chini ya balbu ya kawaida. Huhitaji mtambo mkubwa. Unahitaji kuondoa joto dogo, lakini mfululizo, usiku na mchana.

Kulijenga

Mwili wa friji bovu unafaa kwa sababu kuta zake zina povu tayari. Usikate mabomba ya gesi yake. Ng'oa kabisa kitasa au komeo la mlango ili mtoto akiingia kucheza asijifungie ndani. Usipopata friji, sanduku la mbao lililotandikwa lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni mpya linatosha. Paka nje rangi nyeupe, iakisi mnunurisho wa jua, na liweke kivulini. Ndoo ikae juu ya kipande cha ubao, si juu ya sakafu moja kwa moja. Hayo ni maelezo mepesi na mtihani huyauliza kwa wepesi. Kazi iko kwenye kupoza.

Agosti na Septemba Dodoma ni kavu na upepo unavuma. Mtungi wa udongo hupoza maji vizuri majira hayo kuliko wakati wa masika, na kila nyumba ya kijijini inalijua hilo. Maji hupenya vinyweleo vya udongo, huvukiza kwenye uso wa nje, na yakivukiza huchukua joto fiche kutoka kwenye mtungi na maji yaliyobaki. Fanya hivyo hivyo kwa ndoo: izungushie gunia au kitambaa cha pamba, weka ncha ya chini ya kitambaa ndani ya karai la maji, na kitambaa kitafyonza maji kwenda juu kama utambi. Feni ndogo ya wati 2 au 3, ya volti 12 kama zile za kompyuta, ivute hewa ipite juu ya kitambaa.

Hapa wengi huteleza. Wanaweka kitambaa na feni, halafu wanafunga sanduku lisipitishe hewa. Baada ya muda mfupi hewa ya ndani hushiba mvuke na mvukizo husimama. Lazima hewa kavu iingie kutoka nje na hewa yenye unyevu itoke. Toboa tundu moja chini upande mmoja na jingine juu upande wa pili. Kwenye tundu la juu weka kifuniko chepesi kinachofunguka feni ikisukuma na kujifunga feni ikizima.

Mfano 3. Ni maji kiasi gani lazima yavukize ili kuchukua joto lote la kJ 2,220? (Joto fiche la mvukizo la maji = 2.26 × 10⁶ J/kg.)

m = Q/L = 2,220,000 ÷ 2,260,000 = kilo 0.98, yaani karibu lita moja tu.

Lita moja ya maji kwa ndoo nzima ya mvinyo! Katika hali halisi utatumia zaidi, kwa kuwa sehemu ya joto lile huchukuliwa kutoka kwenye hewa inayopita badala ya ndoo, na joto la nje nalo linaendelea kuingia. Hata hivyo unaona kwa nini mwili wako hutumia jasho: joto fiche la maji ni kubwa sana.

Februari na Machi mambo hubadilika. Mvua zinanyesha, hewa ina unyevu, na kitambaa hakikauki upesi. Katika Jiografia umesoma kipimajoto chenye balbu kavu na chenye balbu iliyolowa ndani ya kibanda cha hali ya hewa. Tofauti ya usomaji wa vipimajoto hivyo viwili ndiyo inayokuambia kama njia ya kitambaa itafanya kazi leo. Zikikaribiana, achana na feni na tumia barafu.

Mfano 4. Unataka ndani ibaki 20°C wakati wastani wa nje ni 25°C. Barafu kiasi gani inahitajika kwa siku? (Joto fiche la kuyeyuka = 3.36 × 10⁵ J/kg.)

Joto la hamira kwa siku: 2,220 ÷ 3 = kJ 740. Joto linaloingia kutoka nje: 1.4 × 5 = wati 7; kwa sekunde 86,400 ni kJ 605. Jumla kJ 1,345. Kila kilo ya barafu ikiyeyuka huchukua kJ 336, na maji yake yakipanda kutoka 0 hadi 20°C huchukua 4.2 × 20 = kJ 84 zaidi, jumla kJ 420. Kwa hiyo m = 1,345 ÷ 420 = kilo 3.2. Hizo ni kama chupa sita au saba za nusu lita zilizogandishwa, utakazozibadilisha asubuhi na jioni. Mwenye friji la dukani la soda jirani yake ana bahati. Zipange karibu na juu ya sanduku, maana hewa baridi ni nzito na hushuka. Huo ni myuko, njia ile ile inayofanya sehemu ya kugandishia katika mafriji mengi iwe juu.

Themostati: nani anawasha feni?

Usiku wa Juni na Julai Dodoma ni wa baridi, mchana ni wa jua. Huwezi kukesha ukiwasha na kuzima. Themostati unayoisoma kwenye vitabu ni utepe wa metali mbili, mara nyingi brasi na chuma. Brasi hutanuka zaidi kuliko chuma kwa badiliko lile lile la jotoridi, hivyo utepe ukipata joto hujipinda, brasi ikiwa upande wa nje wa pindo, na hufunga au hufungua sakiti. Kwa sanduku letu ni rahisi zaidi kutumia kidhibiti cha kielektroniki kinachotumika kwenye mashine za kutotoleshea vifaranga. Tofauti ni mpangilio tu: kwenye mashine ya vifaranga huwasha balbu ikipoa, hapa kiwashe feni ikipata joto.

Kiweke kiwashe kwa 22°C na kuzima kwa 20°C. Usikiweke kiwashe na kuzima kwa namba ile ile, la sivyo kitawaka na kuzima kila dakika mpaka swichi iungue. Kwenye usiku wa baridi balbu ya wati 25 ya waya, ndani ya kopo ili mwanga usiifikie bia, itapasha. Taa ya LED haifai kazi hiyo. Imetengenezwa makusudi isipoteze umeme kuwa joto.

Kihisio cha themostati kinawekwa wapi? Swali hili linatenganisha aliyeelewa na aliyekariri. Kiweke kwenye ubavu wa ndoo, kifunike kwa kipande cha povu, ukifunge kwa utepe. Usikining'inize hewani. Kupandisha kilo 20 za juisi kwa nyuzi 1 kunahitaji kJ 84. Kwa wati 8.6 ni karibu saa 2 na dakika 40. Hewa ya ndani ya sanduku inahitaji jouli mia chache tu, kwa hiyo kufungua mlango mara moja kunaidanganya themostati. Tena ndoo ndiyo chanzo cha joto, hivyo juisi daima ni moto kuliko hewa inayoizunguka. Unayempima ni hamira, si chumba.

Mfumo wote ni mrejesho hasi, sawa na mwili wako unavyotunza 37°C: kihisio, kidhibiti, na kitendaji kinachorudisha hali nyuma. Jasho ni kitambaa chetu, kutetemeka ni balbu yetu. Na friji lenyewe lina ukoo na pombe: miaka ya 1870 Carl von Linde wa Ujerumani aliunda mashine za kupoza ambazo viwanda vya bia vilikuwa miongoni mwa wateja wake wa kwanza.

Gesi inayosahaulika

Gramu 4,000 za sukari ndani ya ndoo ni moli 22.2, hivyo hutoa moli 44.4 za kabonidayoksaidi. Kwa lita 24 kwa moli, ni zaidi ya lita 1,060 za gesi. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 22.5, kikiwa kimefungwa kabisa, gesi hiyo ingekuwa karibu asilimia 5 ya hewa yake, kiwango cha hatari. Kabonidayoksaidi haina rangi wala harufu na ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, alipolala mtu kwenye mkeka. Watu wamefia ndani ya matangi ya mvinyo kwa kushuka kuyasafisha. Sanduku lisikae chumba cha kulala, na usiingize kichwa ndani kunusa.

Usifunge ndoo bila njia ya gesi, itapasuka. Pitisha mpira mwembamba kutoka kwenye kifuniko hadi ndani ya chupa ya maji: gesi inatoka, hewa haiingii. Katika maabara weka maji ya chokaa badala ya maji ya kawaida, nayo yatageuka meupe kama maziwa. Jaribio la shule tumia sukari na hamira ya mkate, kisha mwaga. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa pombe, na kukeneka gongo bila leseni ni kosa.

Swali la kujipima

Msindikaji mmoja aliweka ndoo ya juisi ndani ya sanduku la povu lililofungwa kabisa, lenye kitambaa kilicholowa na feni ndani yake. Kihisio cha themostati kilining'inia karibu na mlango. Siku ya pili uchachushaji ulisimama sukari ikiwa bado nyingi. (a) Eleza makosa mawili ya muundo. (b) Eleza kwa nini uchachushaji ulisimama. (c) Kwa nini kumwaga hamira mpya ndani ya ndoo mara moja kusingesaidia?

Mwongozo: (a) Hewa haikubadilishwa, ikashiba mvuke na mvukizo ukasimama, kihisio kilipima hewa ya mlangoni badala ya ndoo. (b) Joto la mmenyuko lilikosa pa kutokea, jotoridi likapanda, vimeng'enya vya hamira vikaharibika umbo na seli zikafa. (c) Juisi bado ina jotoridi lile lile, na ina uwezo mkubwa wa joto hivyo haipoi haraka. Hamira mpya nayo ingekufa. Ipoze ndoo kwanza hadi 25°C au chini yake, ndipo uongeze hamira.